Mkunazini, tazameni na juu

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni jengo gani la kale ambalo watu hulitembelea bila kulitazama. Jibu langu ni Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, Unguja.

Wageni humiminika pale kwa sababu ya soko la watumwa, lililofungwa kwa amri ya Sayyid Barghash mwezi Juni 1873, na wana haki ya kufanya hivyo. Huonyeshwa duara la marumaru mbele ya altare, panaposemekana kuwa ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa, kisha msalaba uliochongwa kwa mti wa kijiji cha Chitambo, Zambia, ambao chini yake ulizikwa moyo wa mmisionari David Livingstone, halafu hao wanatoka. Darini hakuna anayeangalia.

Nyumba za Mji Mkongwe zina vyumba virefu na vyembamba kwa kuwa dari zake hulazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti haimudu kuvuka upana mkubwa. Marehemu babu yangu, aliyekuwa mwashi, alikuwa akisema kwamba Unguja boriti ndiyo inayopima chumba, mwenye nyumba hupokea tu. Askofu Edward Steere, aliyelijenga kanisa hili ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya 1873, alihitaji ukumbi mpana kuliko boriti yoyote. Kwa hiyo akaziacha boriti, akachanganya kokoto za matumbawe na saruji, akajenga paa la zege lililopinda kama nusu ya pipa lililolazwa. Watu walitabiri kwamba lingeanguka. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877. Steere alifariki mwaka 1882 akazikwa nyuma ya altare, chini ya paa hilohilo, nalo lipo hadi leo.

Kabla ya kutoka, pitieni penye birika la ubatizo. Nguzo fupi zilizopo pale zimesimama kichwa chini: taji lenye nakshi liko sakafuni, kitako kiko juu. Masimulizi ya pale ni kwamba mafundi walizisimika Askofu akiwa safarini, naye aliporudi akaagiza ziachwe vivyo hivyo. Mimi, mjukuu wa mwashi, kila nikifika huinama nikaligusa lile taji, na bado sijaona nguzo hata moja iliyotikisika.