Kibao Huchorwa au Huandikwa?

Swali: Ninatafsiri makala kuhusu mafundi wanaoweka majina ya maduka kwa brashi na rangi. Niliwaita "wachora vibao". Mhariri wangu amelifuta neno hilo kila mahali na kuweka "waandishi wa mabango", kwa hoja kwamba picha huchorwa lakini herufi huandikwa. Pia amegeuza "kwa mkono" kuwa "na mkono", na anashikilia kwamba hata jina lililopakwa moja kwa moja ukutani ni kibao. Makala yanamalizika kwa sentensi ya Kilatini kutoka kwenye ukuta wa Pompeii, mji wa kale wa Waroma, yenye kitenzi scripsit, na hapo pia tumegongana: mimi nataka "alichora", yeye "aliandika". Nani yuko sahihi?

Jibu: Mhariri wako ameshika ukweli nusu, na nusu hiyo ameipeleka pasipo pake.

Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya kila siku picha huchorwa na herufi huandikwa. Anayemwandikia mama yake barua hachori. Tena neno kuchora likisogezwa karibu na herufi, mara nyingi huwa kebehi: ukisema "huyu haandiki, anachora", umeusema vibaya mwandiko wa mwenzio, na mtoto ambaye hajajua kusoma tunasema anachorachora. Nadhani hapo ndipo mhariri aliposhtuka. Hakutaka fundi mwenye mkono uliotulia aonekane kama mtoto mwenye kipande cha mkaa.

Lakini chora ni neno kongwe kuliko penseli. Kamusi za zamani hulipa maana ya kukata nakshi au alama juu ya kitu kigumu, kama mbao. Kwa hiyo kitenzi hiki hakikuanza kwa kuuliza kama kinachotokea ni picha au herufi. Kilichotazamwa ni mkono, chombo na alama inayobaki. Na si Kiswahili peke yake: graphein ya Kigiriki cha kale ilikuwa kukwaruza, kuchora na kuandika, yote matatu.

Sasa njoo kwenye andika, maana hapa pana utamu. Liweke pamoja na tundika, bandika, funika, anika na pachika. Yote yana -ik- ya aina moja, na yote yanahusu kukiweka kitu mahali pake au katika hali fulani. Andika ni ndugu yao. Hadi leo wapo wanaosema kuandika meza, yaani kupanga sahani na vijiko kabla watu hawajaketi, na hapo hakuna kalamu wala karatasi. Kuandika barua ni tawi. Shina ni kupanga.

Kwa maana hiyo ya shina, andika linamfaa fundi wako kuliko hata mhariri anavyodhani, kwa kuwa sehemu ngumu ya kazi yake hufanyika kabla brashi haijaloa. Anapima ubao. Anavuta uzi uliopakwa chaki, anauachilia ghafla, unaacha mstari ulionyooka. Kisha inabaki kazi ya jicho. Herufi O ikikaa sawasawa kati ya mistari miwili huonekana fupi kuliko H iliyo jirani yake, kwa hiyo anaipitisha kidogo juu na chini ya mistari. A na V zikiachiwa nafasi ileile anayoiacha kati ya H na N, pengo linatokea na neno linaonekana limeng'oka jino, inabidi azisogeze. L ikifuatwa na A ni balaa jingine, na rula haisaidii. Anayeanza kushoto bila kupanga hufika kulia nafasi imekwisha, herufi tatu za mwisho zimebanana, na kosa lake linasomwa na kila mpita njia mpaka rangi ichujuke. Huku ndiko kuandika kwa maana ile ya meza.

Ikija zamu ya brashi, vitenzi vyote viwili vinapata kazi, kwa sababu ufundi wenyewe una mbinu mbili.

Ya kwanza ni ya mvuto mmoja. Brashi ni ya nywele ndefu, ncha yake bapa, imeshiba rangi, na kila mstari wa herufi unatoka kwa mvuto mmoja wa mkono: I ni mvuto mmoja, L miwili, E minne. Unene wa mstari ni upana wa brashi. Nywele zinakuwa ndefu ili zibebe rangi ya kutosha kutoka mwanzo wa mvuto hadi mwisho bila kukatika katikati. Fundi akifanya hivyo anaandika, sawasawa na mtu mwenye kalamu, ila kalamu yake ni nene na karatasi yake imesimama wima.

Ya pili ni ya kujenga. Fundi anauchora ukingo wa herufi kwanza, halafu anajaza ndani, anaweka kivuli upande mmoja, pengine anamalizia kwa mstari mwembamba wa rangi nyingine. Herufi hapo imekuwa umbo, kama kikombe au kiatu. Ukisema "amechora herufi" hujakosea hata kidogo, na ukisema "ameandika" utakuwa umeificha kazi ya nusu siku ndani ya neno la dakika tano.

Zipo kazi zinazopitia vitenzi vyote viwili. Jina likiwa kubwa au la kurudiwa mahali pengi, fundi hulichora kwanza kwenye karatasi, akatoboa vitundu vidogo kufuata mchoro, akaishikiza karatasi ubaoni na kuipigapiga kwa kifuko chenye unga wa mkaa au chaki. Karatasi ikiondolewa, herufi zimebaki ubaoni kwa vitone. Karatasini alichora, ubaoni ataandika juu ya vitone hivyo, au atavijaza. Sentensi moja ya makala yako inaweza kubeba "kuchora" na "kuandika" bila neno moja kumwonea mwenzake.

Kuna pia kazi inayovishinda vyote viwili, nayo ni ya dhahabu kwenye kioo cha dirisha. Fundi anakaa upande wa ndani. Anapaka maji yenye jelatini, anaweka juu yake vipande vya dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba kuliko karatasi, mpaka sehemu yote ifunikwe. Ndipo anaziweka herufi kwa rangi mgongoni mwa dhahabu, kinyumenyume, ili wa nje wazisome sawa. Rangi ikikauka, anaifuta dhahabu yote isiyolindwa na rangi. Herufi zinazomeremeta nje hakuzichora wala hakuziandika, amezibakiza. Ukifika aya hiyo usilazimishe kitenzi kimoja. Eleza hatua kwa hatua na msomaji ataelewa.

Kama mhariri bado anataka ushahidi kwamba ugomvi wenu si wa Waswahili tu, mtajie Edward Catich, kasisi wa Marekani ambaye kabla ya upadre alifanya kazi ya vibao Chicago. Alizichunguza kwa miaka mingi herufi zilizo chini ya nguzo ya Kaisari Trajan mjini Roma, nguzo iliyozinduliwa mwaka 113. Zina vijiguu kwenye ncha za mistari, na wengi walikuwa wakidhani vijiguu hivyo vilizaliwa na tindo la mchonga mawe. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1968, Catich alitoa hoja kwamba herufi ziliwekwa kwanza juu ya jiwe kwa brashi bapa, na kwamba vijiguu ni namna brashi hiyo inavyogeuzwa mwanzoni na mwishoni mwa mvuto. Tindo lilifuata tu njia. Hoja kama hii ilihitaji mtu aliyeishika brashi, si msomi wa maktaba pekee. Kwa Kiswahili tungesema herufi hizo ziliandikwa, kisha zikachongwa.

Tuje kwenye jina la fundi mwenyewe. Hapa nasimama na wewe. "Mwandishi wa mabango" ni kauli iliyonyooka kisarufi na iliyopinda kimaana. Mwandishi siku hizi ni mtu wa kutunga: wa habari, wa vitabu, wa hotuba. Msomaji atamwona mtu anayebuni maneno ya tangazo, ilhali fundi wako hupewa maneno yaliyokwisha kubuniwa na mwenye duka. Ukitaka kubaki na andika, sema mwandika vibao. Ukitaka chora, mchora vibao. Mimi kwa makala yako ningechagua la pili, kwa sababu mtu huyo huyo huchora pia picha ya kiatu kando ya jina la fundi viatu, na andika haliwezi kuibeba picha, ilhali chora linaweza kuibeba herufi.

Angalia tu kiambishi. Ama ni mchora vibao, bila -ji na bila wa, kwa mfano wa mpiga picha na mlinda mlango. Ama ni mchoraji wa vibao, kwa mfano wa mchezaji wa mpira. "Mchoraji vibao" ni mguu huku mguu kule. Jina "mpaka rangi" nalo halina kosa, ila linamwelekea zaidi anayepaka ukuta mzima, na lina kichekesho chake: "alifika mpaka rangi" na "alifika mpaka rangi" zinatamkwa sawasawa, na ni msikilizaji atakayeamua kama mtu alilifikia debe la rangi au ni fundi ndiye aliyefika.

Kuhusu kibao, mhariri amekosea, na hapa sioni hata nusu ya kumpa. Kibao ni ubao mdogo. Ki- hiyo ndiyo inayoudogosha. Lazima kiwepo kipande cha kitu, cha mbao, bati au plastiki, kinachoweza kutundikwa na kuteremshwa. Bango ni kubwa zaidi, na watu hulitumia pia kwa karatasi au kitambaa cha tangazo. Jina likiwekwa moja kwa moja juu ya ukuta hakuna kibao wala bango. Ni maandishi ya ukutani. Duka likihama, kibao kinahama nalo na maandishi ya ukutani yanabaki, na ni tofauti hiyo inayoyaacha majina ya biashara zilizokufa zamani yakisomeka kwa ukungu juu ya matofali katika miji mingi ya dunia. Kama makala yako yanayagusa majina hayo, ukiyaita vibao msomaji atauliza kwa nini hakuna aliyeviteremsha.

"Kwa mkono" lirudishe. Neno "na" humtaja mtenda, neno "kwa" hutaja chombo: kibao kimechorwa na fundi kwa mkono. "Kimechorwa na mkono" maana yake mkono umekwenda kazini, mwenyewe kabaki amelala.

Na kama makala yako yanagusia mashine: tangu miaka ya 1980, kompyuta zilipoanza kuongoza visu vya kukata herufi kutoka kwenye vinili, yaani plastiki nyembamba, yenye gundi, maduka mengi yana herufi ambazo hazikuandikwa. Zilibandikwa. Kiswahili kimekupa hapo andika na bandika, ndugu wawili wanaotofautiana kwa sauti moja, na ningekuwa mfasiri nisingeacha nafasi hiyo inipite. Fonti nayo iachie kompyuta. Fundi wa brashi ana mtindo wa herufi, au ana hati. Hati ni neno zuri ambalo tumelifungia ofisini pamoja na mikataba, lakini bado tunasema "ana hati nzuri" kwa maana ya mwandiko. Lilitoka kwenye khatt ya Kiarabu, ambayo ni mstari na ni mwandiko, na kwa Kiarabu khattat ni bingwa wa mwandiko na pia mwandika vibao.

Limebaki la Pompeii. Nadhani sentensi yako ni ile inayojulikana sana, ya tangazo la mapigano ya magladieta, wapiganaji wa maonyesho wa Kiroma, lililopakwa ukutani kabla volkano haijaufukia mji huo mwaka 79. Fundi aliyeipaka aliongeza jina lake mwenyewe: scripsit Aemilius Celer singulus ad lunam. Wewe, kwa kukasirikia kalamu nyekundu ya mhariri, unataka "alichora". Usifanye hivyo. Matangazo ya kuta zile yalikuwa ya brashi na ya mvuto, rangi nyekundu au nyeusi juu ya ukuta uliopakwa chokaa, na kitenzi cha Kilatini chenyewe ni cha kuandika. Kwenye sentensi hii moja mpe mhariri haki yake, na singulus usiigeuze kuwa "mmoja", kwa sababu Celer hajihesabu. Anatuambia kwamba usiku ule hakuwa na msaidizi. Iandike hivi: "Aemilius Celer aliandika haya, peke yake, kwa mwanga wa mbalamwezi."