Msumeno wa Geneva

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini Shirikisho la Mataifa, lile lililoanza mwaka 1920 na kuweka makao Geneva, lilishindwa kulinda amani. Ngoja kwanza nikwambie lilimweza nani, maana yupo liliyemweza.

Oktoba 1925, baada ya risasi kurushwa mpakani, jeshi la Ugiriki liliingia Bulgaria. Baraza la Shirikisho likaliamuru litoke. Likatoka, na Ugiriki ikatozwa fidia ya pauni 45,000. Kazi safi. Ila mwaka 1923 Mussolini, mtawala wa Italia, alikuwa amekipiga kisiwa cha Ugiriki cha Corfu kwa mizinga na kukikalia, na aliyelipa ni Ugiriki hiyohiyo iliyopigwa: lira milioni 50. Ndipo mtu aje kuwahubiria Wagiriki kwamba sheria ni msumeno!

Msumeno wangu unaujua. Ulipoivunja redio ya mdogo wako nilikulipisha akiba yako yote huku nikikuimbia: hukata mbele na nyuma. Haukupita mwezi, kaka yako akachukua baiskeli yako, akairudisha imepinda. Nikakwambia vumilia, huyo ni mkubwa wako. Siku zile yeye ndiye aliyekuwa akitulipia kodi ya nyumba. Hukulia. Ulinitazama tu, na hayo macho ninayo mpaka leo.

Kwa hiyo Uingereza na Ufaransa, wakubwa wa Shirikisho, nazielewa, japo sipendi. Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935, vikwazo viliwekwa, lakini mafuta hayakuguswa, na Mfereji wa Suez ukaachwa wazi meli za Italia zipite. Walimhitaji Mussolini awe upande wao dhidi ya Hitler. Juni 1936 Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia, akasimama Geneva kudai haki yake, waandishi wa habari wa Italia wakampigia miluzi. Mwezi uliofuata vikwazo vikaondolewa.

Utasema Marekani haikujiunga, na Shirikisho halikuwa na jeshi lake. Kweli. Lakini mwaka 1925 pia Marekani haikuwamo, jeshi halikuwapo, na amri ilitiiwa. Sheria ni msumeno, mwanangu, nashikilia hapohapo.

Au niseme heri msumeno butu upande mmoja kuliko kukosa kabisa? Wanakijiji wa Bulgaria waliorudi makwao wangesema heri. Wahabeshi je? Ulimi unaniwasha nitoe hukumu, ila hukumu zangu unazifahamu.

Kaka yako anakusalimu. Ile baiskeli ingali stoo, imepinda vilevile.

Baba yako