XP haioni diski: usiitupe hiyo mashine

Kaka wa Kadutu, pole. Umesema unaweka tena Windows XP kwenye kompyuta ya kibanda chako cha fotokopi, kwa sababu programu yako ya hesabu haikubali mfumo mwingine, na kisakinishi kinadai hakuna diski kuu. Diski yako huenda ni nzima. XP ilitoka 2001, na CD yake haina draiva (programu ndogo ya kuendesha kifaa) ya kidhibiti cha SATA, yaani kile kinachounganisha diski na mashine, kinapofanya kazi kwa AHCI, hali mpya kuliko XP.

Anza na njia rahisi: ingia BIOS (menyu ya mipangilio inayofunguliwa kabla ya Windows kuanza), tafuta mpangilio wa SATA, toa AHCI weka IDE, hali ya zamani ambayo XP inaijua. Mashine nyingi za umri huo hukubali, na utapoteza kasi kidogo tu. Lakini usirudishe AHCI baadaye bila draiva, utapata skrini ya buluu yenye namba ya kosa 0x0000007B.

BIOS yako ikikosa chaguo hilo, ndipo kitufe cha F6, cha kukipa kisakinishi draiva. Ukibonyeze sekunde za mwanzo kabisa za usakinishaji, maandishi yanapotokea chini. Hapo XP inataka disketi, flashi haiisomi. Na hapa Bukavu disketi utaipata wapi? Mimi ningechukua nLite, programu ya kutengeneza upya CD ya Windows, kwenye kompyuta nyingine, niingize draiva ya biti 32 ndani ya nakala ya CD, nichome CD mpya. Draiva ilingane na chipseti yako (chipu kuu za ubao mama) hasa. Ya kubahatisha itakupotezea siku nzima.

Kabla ya yote, nakili hesabu zako kwenye diski nyingine. Na mashine hiyo usiiunganishe na intaneti: Microsoft iliacha kuihudumia XP tangu Aprili 2014.