Baiskeli ya umeme na serikali: maswali yenu

Wiki iliyopita niliandika kwamba serikali ziipe baiskeli ya umeme nafasi yake katika sheria na katika bajeti. Maswali yamemiminika. Nimechagua haya.

Chombo chenye mota kitaitwaje baiskeli? Si kisajiliwe kama pikipiki?

Hapa ndipo penye shina la mambo yote, kwa hiyo nivumilie. Mota ninayoisemea haikubebi. Inakuongezea nguvu unapokanyaga. Ukikuta kilima na mzigo wa kilo 20 nyuma, pedali inakuwa nyepesi ghafla, kana kwamba mtu ameshika tandiko anakusukuma. Ukiacha kukanyaga, naye anaacha. Umoja wa Ulaya umeweka mpaka wazi: mota isizidi wati 250, na iache kusaidia mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Ikibaki humo, ni baiskeli. Uingereza ina kipimo kinachokaribiana na hicho, na mwenye miaka 14 kwenda juu anaiendesha bila leseni wala usajili. Ile yenye nguvu kubwa, inayokwenda kwa kuzungusha mkono tu, hiyo isajiliwe, sipingi. Lakini sheria ikinyamaza, kila askari atajiamulia lake barabarani, na mnunuzi mwaminifu ataogopa kununua.

Ruzuku si zitaishia kwa wenye nazo?

Zikigawanywa kiholela, ndiyo. Jiji la Denver, Marekani, lilipoanza kutoa vocha za kununulia baiskeli ya umeme mwaka 2022, mkazi wa kawaida alipata dola 400 na mwenye kipato kidogo dola 1,200, zikikatwa kwenye bei palepale dukani. Hilo la palepale nalipenda sana. Asiye na akiba hawezi kulipa bei yote leo akasubiri kurudishiwa baadaye. Serikali isiyo na fedha za vocha ianze kwa kupunguza ushuru wa betri na vipuri.

Kuendesha kwa mota si uvivu?

Hapana. Unakanyaga bado, na mwenye goti bovu anarudi barabarani.

Betri zinawaka moto majumbani. Mbona unazitetea?

Hofu yako ni ya haki, watu wamekufa. Chanzo mara nyingi ni seli duni, chaja isiyo yake, au betri iliyofunguliwa na kuungwaungwa. New York, tangu Septemba 2023, sheria ya jiji inakataza kuuza baiskeli ya umeme ambayo haijathibitishwa kwa kiwango cha usalama. Ndivyo inavyotakiwa: marufuku imwangukie muuza betri mbovu, asiadhibiwe aliyenunua nzuri. Nawe ukiona betri yako imevimba, au inachoma ukiigusa, usiichaji tena wala usilale nayo ndani.

Kwa nini fedha hizo zisiende kwenye magari ya umeme?

Betri ya gari ya kilowati-saa 60, yaani wati-saa 60,000, ina umeme wa kujaza baiskeli 120 zenye betri ya wati-saa 500. Fedha za umma zikiwa chache, mimi hesabu hiyo inanitosha.

Mimi si kiongozi. Nifanye nini?

Mwandikie diwani wako. Usimwombe “miundombinu bora”; mtajie barabara moja kwa jina, uombe njia ya baiskeli iliyotengwa kwa ukingo, maana mstari wa rangi hauzuii lori. Mweleze unapita hapo saa ngapi, na magari yanakupita karibu kiasi gani.