Daktari, huu uchovu ni MS au nimekuwa mvivu?

SWALI: Shikamoo dokta. Niko Dar, miaka 34, mwaka juzi nilipigwa picha ya MRI nikaambiwa nina maltipo sklerosisi (MS). Macho yalipona ila uchovu jamani, ikifika saa saba mchana nazima kama simu, nikiinuka kizunguzungu, usiku naamka kukojoa mara nne tano, na nikioga maji ya moto jicho la kulia linaingia ukungu. Mama mkwe anasema uvivu tu.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Uvivu hautii ukungu jichoni, hilo mwambie mama mkwe kwa adabu zote. Kwenye MS kinga ya mwili inatafuna mayelini, lile ganda la kwenye neva, yaani mishipa ya fahamu, ni kama waya wa umeme uliochubuka, sasa ukipata joto hata la nusu digrii tu umeme haupiti vizuri. Daktari mmoja wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliliandika hili 1890, yeye akadhani ni mazoezi, baadaye ndo ikajulikana ni joto lenyewe. Ukipoa na ukungu ukaondoka, hilo si shambulio jipya.

Hicho kizunguzungu sasa. MS inaweza kugusa neva zinazoendesha presha, mapigo ya moyo, jasho na kibofu bila wewe kuamua. Mwombe nesi akupime presha umelala, halafu umesimama, dakika ya 1 na ya 3, namba ya juu ikishuka 20 au ya chini 10 mwambie daktari wako wa neva. Wengi wetu tunapimwa tumekaa tu, presha nzuri, nenda nyumbani! Na mtu anayeamka mara tano usiku atakosaje kuchoka mchana, kwa hiyo kibofu nacho kitibiwe, na damu na thairoidi, ile tezi ya shingoni, vipimwe kabla hatujamsingizia MS kila kitu.

Vidonge vya uchovu nisikudanganye, utafiti wa Marekani wa 2021 ulijaribu amantadini, modafinili na methilfenideti, zote hazikuishinda dawa bandia, yaani kidonge kisicho na dawa ndani. Kazi nzito maliza asubuhi, kitambaa kibichi shingoni, oga maji ya kawaida, na usiache kunywa maji eti kuogopa chooni maana presha itazidi kushuka. Ukisikia mkojo unachoma au homa usisubiri tarehe ya kliniki, nenda siku hiyohiyo.