Damu nzito kwenye mshipa uliobanwa: nitumie modeli ipi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Newala, namalizia tasnifu ya hisabati kuhusu mtiririko wa damu kwenye ateri iliyobanwa na mafuta. Nimetumia kanuni ya Poiseuille ya mtiririko ndani ya bomba, yenye mnato (uzito wa damu katika kutiririka) mmoja usiobadilika. Mwenzangu ananiambia damu nzito haitii kanuni hiyo, niweke ya Casson. Je, nianze upya?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usianze upya. Ila kabla hujagusa mnato, niambie kipenyo cha mshipa umekipata wapi.

Katika kanuni yako, mtiririko unafuata nusu kipenyo kipeo cha nne, ilhali mnato umekaa chini ya mstari bila kipeo chochote. Punguza nusu kipenyo kwa asilimia 10 tu: 0.9 kipeo cha nne ni 0.656. Theluthi ya mtiririko imekwenda, na shinikizo ni lilelile. Ili upoteze kiasi hicho kwa uzito wa damu peke yake, mnato ungebidi upande kwa zaidi ya asilimia 50. Nimeona wanafunzi wakikesha na modeli ya mnato huku kipenyo wamekikisia. Inaniuma, maana kazi nzuri inaharibikia hapo.

Sasa Casson. Mwenzako hajakosea. Poiseuille, daktari Mfaransa, alipima maji katika mirija myembamba ya kioo, na maji hayabadiliki mnato kwa kukorogwa. Damu hubadilika. Chukua uji wa mtama uliolala kwenye sufuria: umeshikana, ukiinamisha hauendi. Utie mwiko uuzungushe kwa nguvu, unalegea. Ndani ya damu, inapokwenda polepole, chembe nyekundu hujipanga mgongo kwa mgongo kama sarafu, zikishikizwa na protini za damu, na mnato hupanda sana. Ikienda kasi zinaachana, na mnato hutulia kwenye mara tatu hadi nne ya ule wa maji.

Casson alitoa mlinganyo wake mwaka 1959 kwa ajili ya wino wa kuchapia: kipeuo cha pili cha mkazo ni kipeuo cha pili cha mkazo wa kuanzia, ukijumlisha kipeuo cha pili cha mnato mara kasi ya tabaka za damu kupishana. Mkazo wa kuanzia ndio ule msukumo mdogo ambao bila huo damu haiendi. Kwa damu ya kawaida ni mdogo sana, kama paskali 0.005, lakini hupanda chembe nyekundu zinapozidi, kwa mfano kwa mtu aliyeshinda juani kwenye mashamba ya chumvi bila kunywa maji.

Wengi hudhani damu huwa nzito zaidi pale penye shingo, mahali palipobanwa. Ni kinyume chake. Mshipa wa milimita 4 ukibanwa hadi 2, na mtiririko usipopungua, kasi ya wastani inazidi mara 4, na tabaka za ukutani zinapishana mara 8 zaidi. Chembe zimeachana, damu ni nyepesi, na mnato wako mmoja unatosha kabisa. Casson anahitajika mbele ya shingo. Pale mshipa unapopanuka tena ghafla, mkondo wa kati unapiga mbele na damu ya pembeni inabaki ikizunguka polepole. Hapo chembe hushikana tena, na hapo ndipo hatari ya damu kuganda inapojificha.

Kuna jambo jingine hujaniuliza. Poiseuille anadhani bomba ni refu, limenyooka, na mtiririko umetulia. Shingo fupi haina sifa hizo, na mzunguko ule wa pembeni unakula shinikizo juu ya hesabu yako. Kwa hiyo tumia milinganyo ya Navier na Stokes, ile ya jumla ya mwendo wa vimiminika, kwa mshipa wa mviringo, na umbo la shingo liandike kwa kosaini ili lisiwe na kona.

Kisha ijaribu programu yako. Mkazo wa kuanzia ukiwa sifuri, Casson lazima arudi kwenye mnato wako mmoja. Kina cha shingo kikiwa sifuri pia, lazima jibu la Poiseuille lirudi, tarakimu kwa tarakimu. Lisiporudi, usiende mbele hata hatua moja.

Ukimaliza, nitumie mchoro wa mkazo wa ukutani, yaani damu inavyousugua ukuta wa mshipa, kuanzia shingoni hadi vipenyo vitano mbele yake, modeli zote mbili kwenye karatasi moja. Zikiachana, nataka nione zinaachania wapi.