Gemu za X: Uanze na ipi ukiwa na laptopu ya kawaida?

Vijana hapa Langoni wakiniuliza gemu ya X ya kuanzia, huwa siwatajii ile mpya. Nawatajia X3: Terran Conflict ya mwaka 2008, na wakibisha nawaachia laptopu yangu wajaribu.

Kwa asiyezijua, ni gemu za Egosoft, kampuni ya Ujerumani. Unapewa chombo cha angani na vijisenti, unaachiwa ulimwengu wa sekta zilizounganishwa kwa milango. Unanunua, unauza, unapigana na maharamia, na ukijaliwa unamiliki viwanda na merikebu za vita. Raha yake kwetu Lamu ni kwamba ukishaipakua unacheza bila intaneti. Bando liishe lisiishe, biashara inaendelea.

Ya kwanza, X: Beyond the Frontier ya 1999, ina hadithi tamu ya rubani aliyepotea mbali na kwao na kuanza maisha na deni la Wateladi, wale mijusi wanaoabudu faida. Lakini imezeeka. X2 ya 2003 na X3: Reunion ya 2005 sina ugomvi nazo, ila yote mazuri yaliyomo utayakuta Terran Conflict, tena yamenyooshwa.

Humo anza na seli za nishati. Zinatoka vituo vya umeme wa jua, na bei yake hucheza kati ya kredit 12 na 20 kulingana na shehena iliyopo. Ni kama samaki gatini: mashua zikiingia kwa pamoja, bei inaporomoka. Ngoja kituo kijae, nunua kwa 13, kisha tafuta kiwanda kilichokaukiwa uuze kwa 18. Ukibeba seli 1,000 umetia mfukoni 5,000. Safari ni ndefu, kwa hiyo nunua mapema kifaa cha SETA. Kinaharakisha muda hadi mara kumi. Ila kizime ukikaribia sekta za Waxenon. Wale ni mashine, hawajui salamu.

Jambo jingine ni kusevu. Ukiwa umetia nanga kituoni ni bure, lakini angani kila kusevu kunakula bima moja ya uokozi. Nunua kadhaa. Kusi ikivuma hapa stima hukatika bila hodi, na betri yangu imechoka siku nyingi.

X Rebirth ya 2013 ipite, hata ukiikuta kwa punguzo. Walikunyima vyombo vyote isipokuwa kimoja cha kuendesha mwenyewe, halafu wakakutembeza vituoni kupiga soga na watu wasio na la maana. Baadaye waliirekebisha sana, lakini gemu ya biashara ya kukufungia ndani ya chombo kimoja mimi siielewi.

X4: Foundations ya 2018 ilirudisha uhuru: unatembea kwa miguu, unakalia usukani wa chombo chochote chako, unajenga kituo kipande kwa kipande. Ni kubwa na nzuri, nakiri. Lakini inataka komputa yenye kadi ya michoro ya maana. Kwenye laptopu ya ofisi itakwamakwama hadi uichukie.

Mwenye mashine dhaifu aliyeimaliza Terran Conflict anunue nyongeza yake, Albion Prelude ya 2011. Mwenye hiyo hupata bure nyongeza nyingine, Farnham's Legacy, iliyotoka 2021, na hapo ana kazi ya kutosha kaskazi hadi kusi.